Maji ya Kristiana

Mtowisa,
3 Machi 2024

Dada Hilaria,

Shikamoo. Huku bondeni sisi wazima, joto tu ndilo linalotusumbua. Shemeji yako Oswaldi anakusalimia. Yuko shambani tangu alfajiri anapalilia mpunga, na mguu wake ule uliokanyagwa na ng'ombe umepona, ila huanza kuchechemea akiona kuna gunia la kubeba. Mtoto wetu mdogo ameota meno mawili na ananing'ata. Mama kule Milepa nilimwona Jumapili iliyopita. Anakula vizuri, na anauliza habari zako kuliko anavyouliza zangu, kama kawaida yake.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu barua haikatwi katikati. Mara tatu nimekupigia simu, mara tatu umesema "nina kipindi" ukakata, na mara ya nne hukupokea kabisa. Mimi nikitaka kuongea lazima nisimame kwenye kichuguu nyuma ya duka la Elia ndipo mtandao unapatikana, na watu wote wanaosubiri simu zao zichajiwe wananisikiliza. Sitaki mambo ya mwanangu yazungumzwe pale.

Jambo lenyewe ni hili. Ulinitumia ujumbe: "Kristiana amepigwa ultrasaundi ya kibofu. Hakuna tatizo. Ni uvivu." Dada, mwanangu ana miaka minane. Ana mwaka na miezi miwili kwako hapo Katandala, na tangu Oktoba unaniambia anajikojolea darasani na kitandani, ana homa, anadungwa sindano za UTI, anapona, anaumwa tena. Uvivu haumpandishi mtu homa. Naomba unitumie karatasi ya majibu niisome mwenyewe. Wiliam, dereva wa lori la mpunga, atakuwa Sumbawanga Alhamisi. Mpe bahasha, ataniletea.

Nakuomba kwa heshima zote, dada.

Mdogo wako,
Kalista


Katandala, Sumbawanga,
21 Machi 2024

Mdogo wangu Kalista,

Marahaba. Barua yako imekaa kwenye lori la Wiliam siku tisa kwa sababu barabara ya kupandisha mlima ilikatika, kwa hiyo usianze kunihesabia siku. Hapa ni mvua na ukungu, na baridi imeanza mapema. Mahindi ya uani yamebeba vizuri. Jumuiya imenichagua tena kuwa katibu ingawa nilikataa mara mbili. Darasani nina watoto sabini na wanane kwa madawati ishirini na mawili.

Kwanza nikusahihishe. Sikukata simu kwa dharau. Mwalimu akiwa kipindini hapokei simu, na siwezi kuwakataza watoto jambo halafu nilifanye mbele yao.

Pili, uliniletea mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Leo anasoma kitabu peke yake na ni wa nne katika darasa langu la pili. Hilo huliandiki. Unaandika kibofu. Nimempeleka hospitali mimi mwenyewe, nimekaa foleni. Mpimaji amempaka mafuta yale ya baridi tumboni, amepitisha kifaa chake, na nimeona kwenye kioo kwa macho yangu. Hakuna jiwe. Hakuna uvimbe. Sasa mtu asiye na jiwe wala uvimbe anajikojolea kwa nini? Kwa sababu hataki kujibana. Basi namfundisha kujibana. Maji nayo nimemwekea utaratibu: kikombe kimoja asubuhi, na ikifika saa sita mchana ndiyo mwisho.

Darasani kwangu kuna kibao cha choo, kimoja kwa watoto wote. Anayetaka kutoka ananyoosha mkono, nampa kibao anakwenda nacho, akirudi anapewa mwingine. Kristiana simpi. Sitaki walimu wenzangu waseme Mwalimu Hilaria ana wa kwake anayempendelea. Yeye husubiri kengele, na ameshazoea.

Majibu nimekunakilia. Karatasi yenyewe itabaki kabatini kwangu, maana kwenu vitu vinaliwa na mchwa.

"Figo ya kulia: kawaida. Figo ya kushoto: imetanuka kidogo. Kibofu: hakuna jiwe, hakuna uvimbe."

Na kidogo maana yake ni kidogo. Umeridhika?

Dada yako,
Mwl. Hilaria


Mtowisa,
9 Aprili 2024

Dada Hilaria,

Shikamoo. Sisi wazima. Oswaldi anakusalimia, mama anakusalimia, na mchwa wanakusalimia.

Kwamba Kristi ni wa nne darasani nimefurahi, nimemsomea baba yake mara mbili. Nakushukuru, na naliandika hapa ili usiseme siliandiki.

Nakala yako nimeipeleka kituo cha afya kwa Dk. Ndalahwa. Ni kijana wa Kisukuma, mpole, hana haraka. Alisoma, akaigeuza karatasi nyuma kuona kama kuna mengine, akairudisha mbele. Akaniuliza, "Mama, nusu nyingine iko wapi?"

Nakuandikia kama alivyoniambia, maana wewe ni mwalimu, utanielewa. Kibofu hakipimwi kikiwa hakijajaa. Mtoto hunyweshwa maji mpaka abanwe, ndipo analazwa na kupimwa: kuna mkojo kiasi gani, na ukuta wa kibofu una unene gani. Kisha anapelekwa kukojoa. Kisha anarudi kulala palepale, anapimwa mara ya pili, ionekane amebakiza kiasi gani. Katika kile kinachobaki ndimo wadudu wanamozaliana, ndiyo homa hiyo isiyoisha. Na kikizidi, kinasukuma kurudi juu kwenye figo. Akaweka kidole kwenye neno lako "kidogo" akasema, "Mama, hili lisikupe usingizi. Figo haitanuki kwa uvivu."

Nikamweleza habari ya kujibana. Akaiweka karatasi mezani. Halafu akasema kibofu ni msuli. Mtoto anayejibana siku nzima, msuli ule unanenepa kama mkono wa mbeba magunia, halafu unachoka, unashindwa kujimwaga wote. Kinachovuja kwenye sketi ni kile kilichofurika tu. Kwa hiyo Kristi hajikojolei kwa kuwa hajibani, dada. Anajikojolea kwa kuwa anajibana kupita uwezo wake. Na kumnyima maji kunaufanya mkojo uwe mkali, unamchoma, naye anazidi kuogopa kuutoa.

Katika nakala yako hakuna kipimo hata kimoja. Cha kabla hakipo, cha baada hakipo. Na Dk. Ndalahwa anasema karatasi hizo huishia na mstari wa maoni ya mpimaji. Mstari huo uko wapi? Wewe unayewachapa watoto wakiruka mstari wa imla, wa kwako umeuruka kwa nini?

Nimekasirika, dada. Nimekaa siku mbili na kalamu mkononi nikitafuta neno la adabu la kukwambia hivyo, sikulipata. Tuma karatasi yenyewe. Na maji mpe leo, usingoje barua.

Kalista


Katandala,
30 Aprili 2024

Kalista,

Marahaba. Za nyumbani kwangu leo sina.

Karatasi hiyo hapo ndani ya bahasha. Mstari wa mwisho unasema: "Kibofu hakikujaa, hakikuweza kupimwa ipasavyo. Mtoto arudi akiwa amekunywa maji ya kutosha." Sikuuandika kwa sababu nilijua utaugeuza fimbo ya kunichapia, na ndivyo itakavyokuwa.

Ulitaka kujua, basi jua. Tulikwenda mchana, na mchana hanywi maji. Kile kidogo alichokuwa nacho alikwenda kukitoa nyuma ya jengo la kufulia, mimi nikiwa dirishani nachukua kadi. Mpimaji alipomuuliza kwa nini, akasema aliogopa asije akajikojolea juu ya kile kitanda mbele ya mama mkubwa. Kalista, mpimaji aliniangalia. Palikuwa na wazazi watatu wa shule yangu kwenye benchi na mlango ulikuwa wazi. Nikachukua karatasi nikaondoka.

Lakini usijioshe mikono kwangu. Ninayo barua aliyokuja nayo Kristiana mkononi Januari mwaka jana, mwandiko ni wako. Nanukuu: "Dada, ana tabia ya kukojoa kitandani. Maji baada ya saa kumi asipewe, ndivyo mama alivyotulea." Hiyo Dk. Ndalahwa wako ameisoma? Mbona kwenye barua zako zote tatizo linaanza Oktoba? Linaanza Oktoba kwa sababu ndipo nilipoanza mimi kulisema. Wewe ulilijua, ukalipa jina la tabia, ukalipandisha lori pamoja na mtoto, ukaniachia. Miaka yote hiyo ya kwako hukumpima. Mimi nimempima, na ndiye ninayetukanwa.

Mkosaji hakosi neno. Nangoja la kwako.

Hilaria


Mtowisa,
12 Mei 2024

Hilaria,

Umeona nilivyoanza. Leo sikuamkii, na mama akisikia atanilaani, basi anilaani.

Barua hiyo niliiandika mimi. Sikatai. Kristi alikuwa anakojoa kitandani tangu hapa, na watoto wa jirani walikuwa wakimfuata mpaka kisimani wakimwita kikojozi. Mimi nilichoka kuona aibu, nikamtuma kwako ili aibu ihame nyumba. Sikumpeleka kwa daktari kwa sababu nilidhani tabia haina daktari. Nimemwambia Dk. Ndalahwa yote hayo wiki iliyopita, nikiwa nimesimama, maana nilishindwa kukaa. Amesema huenda kibofu chake kilikuwa kinachelewa kukomaa tu, kama cha watoto wengi, na kingeachwa kingetulia. Hakikuachwa. Mimi nilianza na saa kumi jioni, wewe ukashusha mpaka saa sita mchana, ukaongeza na kibao.

Lakini kuna neno moja katika barua ile nililidanganya. Niliandika "ndivyo mama alivyotulea". Si kweli. Mimi sikunyimwa maji hata siku moja. Aliyenyimwa ni mtu niliyekuwa nalala naye mkeka mmoja pale Milepa. Alinyimwa mpaka akafikisha miaka kumi na miwili, na mimi nilikuwa namwona akilamba umande kwenye majani ya maboga asubuhi tukienda shule. Na mimi ndiye niliyewaambia watoto wa shule kwamba anakojoa mkekani. Nilipewa muwa kwa ajili ya habari hiyo, nikaumaliza. Mtu huyo alijua ni mimi, maana hakuna mwingine aliyelala pale. Hajawahi kunisema kwa mama wala kwa mtu yeyote, na sisi wawili hatujawahi kulitaja mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo nilipomtuma Kristi kwako sikumtuma kwa mwalimu. Nilimtuma kwa yule. Nilijisemea moyoni, yule ndiye anayejua koo linavyokauka, atampa maji hata kama mimi nimeandika asipewe. Ndiyo maana hasira haziniishi. Ungekuwa mtu mwingine ningesema hajui.

Sasa sikiliza. Wiki hii mrudishe hospitali. Asubuhi, na maji ya kutosha. Kaa naye mpaka mwisho, hata kama darasa zima linakaa bila mwalimu. Usiponijibu kabla mwezi haujaisha napanda lori nije nimchukue, na mpunga nawaachia ndege wale mpaka wachoke.

Kalista


Katandala,
27 Mei 2024

Mdogo wangu Kalista,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Nikaiweka kwenye Biblia, nikaenda kufundisha hesabu. Kuhusu Milepa sitaandika lolote. Sijui kuliandika.

Jumatano nimempeleka. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ya kwanza tangu nianze kazi. Alikunywa chupa mbili za maji benchini, polepole, na kila funda alikuwa ananitazama kama naruhusu. Mara ya kwanza nilisema "kunywa". Baadaye nikawa naitikia kwa kichwa tu.

Majibu, na safari hii sijaruka mstari. Kabla ya kukojoa, kibofu kilikuwa na mililita mia tatu na ishirini, yaani kwa umri wake kimejaa kabisa. Ukuta wa kibofu ni mnene kuliko inavyotakiwa. Baada ya kukojoa imebaki mia moja na kumi, na ilitakiwa isibaki karibu chochote. Figo ya kushoto bado imetanuka, haijazidi. Maoni: "Kibofu hakimwagi chote. Aonwe na daktari wa watoto. Apimwe tena baada ya miezi mitatu."

Daktari wa watoto amesema figo bado inaokoleka. Anywe maji mchana kutwa. Aende chooni kila baada ya saa mbili, awe amebanwa au hajabanwa, akae bila haraka, akimaliza ahesabu taratibu mpaka ishirini ajaribu tena. Ale papai na mboga, maana choo kigumu nacho kinakandamiza kibofu. Kuna dawa ya kunywa kila siku. Ikishindikana, watatupa rufaa ya Mbeya.

Yote hayo ningeweza kukuandikia kwa ujumbe wa simu. Kinachonifanya niandike barua ni hiki. Mara ya kwanza alipolazwa pale na maji yote yale tumboni, mpimaji alimuuliza, "Mama, hujabanwa?" Akasema, "Nimebanwa." Mpimaji akasema, "Sasa mbona husemi? Choo kile pale, nenda." Mtoto hakuinuka. Alikuwa amebana magoti, jasho linamtoka puani, lakini hakuinuka. Mpimaji akamuuliza anangoja nini.

Akasema, "Nasubiri kengele."

Kule hospitali hakuna kengele, Kalista.

Nilimbeba. Ana miaka minane na miguu yake inafika magotini kwangu, lakini nilimbeba mpaka chooni, na njiani vilinimwagikia vyote vilivyoweza kutoka, gauni langu la kazini, viatu, kila kitu. Akaanza kuniomba msamaha. Wazazi wale wale wa benchini walikuwepo, au wengine, sikuwatazama. Nilimwambia asiniombe. Nilisema kwa ukali, maana sauti nyingine sina, akalia zaidi.

Tukarudi nyumbani tukabadilisha nguo, halafu tukarudi tena, akanyweshwa upya, akapimwa. Hivyo hesabu niliyokuandikia ni ya mara ya pili. Nimeieleza ili usiseme nimeficha.

Ndani ya furushi hili kuna kibao cha choo. Nilikichonga mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, ndiyo maana kimeng'aa hivyo kwa mikono ya watoto. Darasani sasa wanatoka bila kibao. Siku ya kwanza walitoka thelathini na mmoja kwa kipindi kimoja, na mwalimu mkuu akaniuliza kama naumwa. Siku ya tatu walitoka wanane. Sikujua kwamba ni wanane tu.

Shule zinafungwa hivi karibuni. Njoo umchukue. Usipotaka arudi, sitauliza.

Dada yako,
Hilaria


Mtowisa,
30 Juni 2024

Dada,

Mimi sikukaa hata usiku mmoja kwako, unajua kwa nini. Ningekaa ningesema. Chai yako niliiacha mezani, na sijutii. Safari ilikuwa nzuri. Wiliam alisimamisha lori mara nne njiani kwa ajili ya Kristi bila kulalamika, ingawa abiria walilalamika.

Hasira bado ninazo. Naziandika ili usidhani zimeishia mlangoni kwako. Nikimwona amekaa ananyoosha kidole kimoja juu, ndani ya nyumba yetu wenyewe, ananiomba mimi mama yake ruhusa ya kwenda chooni, nakukasirikia upya, halafu nakumbuka mwandiko ulikuwa wangu, najikasirikia mwenyewe, na siku inaharibika. Oswaldi amejifunza kukaa mbali.

Julai harudi. Nimemwombea nafasi shule ya hapa, na nimekwenda kwa mwalimu wake nikamweleza kila kitu mbele ya darasa tupu. Mwezi wa nane namleta kwa kile kipimo cha tatu. Nawe utakuja, maana dirisha la kadi unalijua wewe. Utakaa naye benchini. Atakapopewa chupa ya maji, na wewe utashika yako, na utakunywa mpaka mwisho, mbele yake na mbele ya wazazi wote wa Sumbawanga. Hilo siombi.

Habari ya Milepa umesema hujui kuliandika. Mimi naandika moja tu. Ule muwa, dada, nisamehe.

Homa haijarudi tangu tufike. Analala mkavu siku moja, mbili analowa, na akilowa tunaanika godoro juani, hakuna anayesema kitu. Watoto wa jirani walianza wimbo wao. Oswaldi alitoka na ile fimbo ya ng'ombe, hakumgusa mtu, hawajaimba tena.

Kibao chako Kristi alikikuta kwenye mzigo. Alikishika muda mrefu. Akaniuliza, "Mama, sasa ni zamu yangu?" Nilikichukua, nikakipasua kwa panga, nikakitia jikoni, nikapikia uji wa ulezi. Kiliwaka vizuri, ni mti mgumu. Amekunywa vikombe viwili, na katikati ya cha pili ameinuka, ametoka nje, hakuniomba.

Shikamoo, dada.

Kalista